Laali ya Badakhshani na Spineli ya Mahenge

Taji ambalo wafalme wa Uingereza hulivaa siku ya kufungua Bunge lao limepambwa, upande wa mbele juu ya paji la uso, kwa jiwe kubwa la wekundu wa waridi, lisilo duara wala pembe, lenye uzito wa karati 170 hivi, ambalo kwa karne nyingi lilihesabiwa kuwa ni yakuti, na hata leo huitwa Yakuti ya Mwanamfalme Mweusi, ingawa hizo yakuti si jamaa zake. Visa vyake vya damu vimekwisha kusimuliwa mara nyingi: kwamba Abu Said, sultani wa Granada, alikwenda nalo Sevilla kwa Don Pedro wa Castilla kutaka amani, akauawa huko mwaka 1362 na johari zake zikachukuliwa, kwamba Don Pedro naye alimpa jiwe hilo Edward, huyo Mwanamfalme Mweusi, mwana wa mfalme wa Uingereza, mwaka 1367, kuwa malipo ya msaada wa vita, kwamba Henry wa Tano aliingia nalo katika vita vya Agincourt mwaka 1415 likiwa juu ya kofia yake ya chuma. Anayependa visa hivyo atavipata kwingineko. Linalonivuta mimi ni jambo dogo zaidi, nalo ni tundu lililo upande wa juu wa jiwe hilo, ambalo watengeneza taji wameliziba kwa kipande cha yakuti ya kweli kilichotiwa katika dhahabu. Kwa maana tundu hilo ni alama ya mkono wa fundi wa mashariki, aliyelitoboa ili lipitishwe uzi na kuning'inizwa shingoni, zamani sana kabla ya mfalme yeyote wa magharibi kuligusa.

Jiwe hilo ni laali, kama Waajemi na Waarabu walivyoliita, au spineli, kama wachimbaji na madalali wa siku hizi wanavyoliita. Yakuti ni alumini iliyoungana na oksijeni. Spineli ni hayo hayo mawili pamoja na magnesi. Na yote mawili hupata wekundu wake kutokana na kromi kidogo sana iliyojipenyeza ndani wakati jiwe likiumbika, hata ikawa jicho, ambalo huihukumu rangi wala haliwezi kuhukumu asili, likadanganyika kwa muda mrefu. Mkono na mizani havikudanganyika. Yakuti huikwaruza spineli wala spineli haiikwaruzi yakuti, na kipande cha yakuti huwa kizito kuliko kipande cha spineli cha kadiri ile ile. Haya aliyatambua Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni wa Khwarazmi aliyeishi mjini Ghazna katika nusu ya kwanza ya karne ya 11, ambaye alipima uzito wa vito kwa kuvizamisha majini, na katika kitabu chake cha johari akaiweka laali mbali na yakuti, kila moja katika mlango wake. Ulaya ilingoja hadi mwaka 1783, Mfaransa Jean-Baptiste Romé de l'Isle alipoyatenga mawe hayo mawili kwa kutazama maumbile ya fuwele zake. Na hata baada ya hapo watunza hazina wengi hawakupenda kuambiwa kwamba yakuti zao adhimu si yakuti.

Machimbo ya zamani ya laali yalikuwa Badakhshani, katika milima iliyo kandokando ya mto Panj, ambao leo ndio mpaka wa Tajikistani na Afghanistani, mahali ambapo hata sasa huitwa Kuh-i-Lal, yaani mlima wa laali. Vitabu vya kale vya johari vyasimulia kwamba zilzala iliupasua mlima, na katika mpasuko ule wanawake wa karibu wakaona vijiwe vyekundu, wakadhani ni rangi ya kutilia nguo, wakavisaga, wasipate rangi, wakavitupa. Mpaka vikafika mikononi mwa mtu ajuaye vito, naye akavijua. Sioni sababu ya kuikataa hadithi hiyo. Watu wa milimani hutafuta kwanza kile wanachokihitaji, na mke mwenye nguo za kutia rangi ana haki ya kuliona jiwe lisilotoa rangi kuwa halina faida. Marco Polo, aliyepita nchi zile katika karne ya 13, aliandika kwamba mfalme wa Badakhshani peke yake ndiye aliyechimbisha, na kwamba mtu mwingine akichimba bila ya ruhusa hupoteza roho yake pamoja na mali yake, kwa hofu ya kwamba mawe yakizidi sokoni thamani yake itashuka. Na hilo, ukiacha ukali wa adhabu, ni hesabu ambayo makampuni ya almasi ya zama zetu yanaifahamu vizuri.

Ibn Battuta naye, yule yule aliyelishwa wali na ndizi zilizopikwa kwa maziwa Mogadishu, akalala Mombasa na kuusifu ukarimu wa sultani wa Kilwa mwaka 1331, alivuka milima ya Hindu Kush miaka michache baadaye, akaitaja Badakhshani na vito vyake. Alikuwa ametoka katika pwani ambayo nyuma yake, bara, mbali kidogo na njia za misafara, jiwe la jinsi ile ile lilikuwa limelala ndani ya marumaru, wala hapakuwa na mtu duniani aliyejua.

Laali ilipata heshima yake kamili katika jumba la wafalme wa Kimoghuli wa Bara Hindi, waliokuwa wa ukoo wa Timuri, na ambao kwao jiwe hilo lilikuwa ukumbusho wa nchi za babu zao kaskazini ya milima. Katika hazina ya ukoo wa Al-Sabah huko Kuwait imo laali moja ya karati 249 na ushei, ambayo ukiielewa hiyo umeielewa historia nzima ya kito hiki. Ilichorwa kwanza jina la Ulugh Beg, mjukuu wa Timuri, yule mfalme wa Samarkand aliyejenga nyumba ya kutazamia nyota na kufa mwaka 1449. Ikafika kwa Shah Abbas wa Uajemi, naye akachora jina lake. Shah Abbas akaipeleka Hindi iwe hidaya kwa Jahangir, ambaye katika kumbukumbu zake aeleza furaha aliyoipata kwa kuliona jina la mzee wake juu ya jiwe, akamwamuru Saida, msimamizi wa karakhana ya masonara, aongeze pembeni jina la Jahangir mwana wa Akbar. Baada yake wakafuata Shah Jahan na Alamgir, kisha Ahmad Shah Durrani wa Afghanistani. Wafalme sita wa falme zilizopigana, kila mmoja akiacha nafasi ya mwenzake bila ya kufuta aliyetangulia, kwa kuwa kufuta kungepunguza uzito. Na sijui kama kuna hati yoyote ya karatasi iliyotendewa adabu kama hiyo.

Yafaa kuitazama kazi yenyewe kwa karibu. Jiwe lilipofika karakhanani halikukatwa. Fundi aliligeuzageuza kwanza mkononi kutafuta mipasuko, kisha akalisugua juu ya gurudumu lililozungushwa kwa upindi, akitumia vumbi la mawe magumu lililochanganywa na maji, mpaka zile ngozi za mwamba zilizoligandama zikatoka na uso wake ukalainika kama kokwa ya tende. Umbo lake la asili, liwe la yai, liwe la kibonge chenye kona, likabaki vile vile. Baada ya hapo lilitobolewa kwa keekee ya upindi yenye ncha ya almasi, kazi ya subira, kwa sababu spineli ni ngumu na mkono ukiharakisha tundu hupinda au jiwe hupasuka, na hasara ya siku moja ikawa ni mali ya mkoa mzima. Majina nayo yalichorwa kwa almasi, herufi za nastaliki ndogo mno, safi mno, hata mtu akidhani zimeandikwa kwa kalamu ya mwanzi. Lilipokwisha, lilipitishwa uzi pamoja na lulu na zumaridi, likavaliwa shingoni, au likafungwa mkononi juu ya kiwiko, au likaning'inia katika kilemba.

Mawe yasiyotobolewa yalipachikwa kwa ufundi ambao Wahindi huuita kundani, nao ungali hai Jaipur hata leo. Sonara hutengeneza kwanza ganda la dhahabu lenye vyumba vidogo, na ndani yake hujaza lakiri iliyoyeyushwa; juu ya lakiri huweka karatasi nyembamba ya madini ing'aayo ili nuru irudi juu kupitia kwenye jiwe, kisha huliketisha jiwe mahali pake. Sasa huchukua dhahabu iliyosafishwa hata isibaki taka yoyote, iliyofuliwa mpaka ikawa nyembamba kuliko ganda la kitunguu, akaikata vipande na kuisukuma kwa ncha ya chuma kulizunguka jiwe pande zote, tabaka juu ya tabaka. Dhahabu safi namna hiyo hujishika yenyewe kwa yenyewe bila ya moto wala lehemu. Hapana meno yanayolibana jiwe, hapana joto linaloweza kulipasua. Jiwe limekumbatiwa tu. Nyuma ya kidani, upande unaogusa ngozi na ambao mtazamaji haoni, fundi wa rangi hutia mina nyekundu na kijani na nyeupe zilizochomwa katika tanuri kabla ya jiwe kuwekwa, na wapo wajuzi wanaosema kwamba upande huo ndio unaopendeza zaidi.

Ulaya ilishika njia nyingine, ya kulikata jiwe nyuso nyingi kwa hesabu ya pembe, ili nuru iingie juu, igonge chini na kurudi jichoni ikimetameta. Ni ufundi mkubwa, wala sitaki kuudharau. Lakini hutupa sehemu kubwa ya jiwe iwe vumbi, nao humfanya mtu alisifu jiwe kwa kumeremeta kwake kuliko kwa mwili wake. Kwa kito chenye rangi kama laali, ambayo uzuri wake ni kule kuonekana kama kaa la moto lililowashwa kwa ndani, mimi nawapa haki mafundi wa Kimoghuli.

Tuje sasa kwetu. Mahenge ni mji ulio juu ya milima katika wilaya ya Ulanga, mkoa wa Morogoro, nchi ya Wapogoro, ambako wapiganaji wa Majimaji waliishambulia boma ya Wadachi tarehe 30 Agosti 1905 na kurudishwa nyuma kwa risasi za bombomu. Milima yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni marumaru: chokaa ya bahari ya kale iliyozikwa chini sana na kupikwa kwa joto na mgandamizo zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, wakati mabara yalipogongana. Palipokuwa na magnesi ya kutosha katika chokaa hiyo, na alumini kidogo, na kromi kidogo zaidi, na chuma kichache, pakaumbika spineli. Hicho kichache cha chuma ndicho siri ya rangi yake, kwani chuma huitia spineli giza, na ya Mahenge, ikiwa nayo haba, hutoka na waridi lenye uhai, linalowaka hata katika kivuli.

Sasa utashangaa, kama nilivyoshangaa mimi, kwa nini pwani iliyo na masonara wa tangu zamani haikuwa na mazoea ya kito cha namna hii, hata kile cha kununua. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliwaona wanawake wa Kilwa wamevaa mikufu na vikuku vya dhahabu na fedha na vipuli masikioni. Shanga za akiki za Khambhat zilivuka bahari karne kwa karne, na pete ya fedha yenye akiki ni vazi la wanaume wacha Mungu hata leo. Masonara waliotoka Kutch na Gujarat walizidi Unguja, Mombasa na Lamu katika karne ya 19, chini ya dola ya Albusaidi, wakaja na fuawe zao na kalibu zao, na chamburo za kuvutia uzi wa fedha mwembamba kama unywele, ambao husukwa na kulehemiwa kuwa maua na majani. Na nchi waliyotoka ndiyo iliyokuwa na kundani. Walikuja na ufundi wote huo, na bado kidani cha pwani kikabaki dhahabu tupu.

Sababu, kwa nadhari yangu, ni mizani. Dhahabu ya mwanamke wa pwani si pambo peke yake. Ni mahari yake, na akiba yake, na rehani yake siku mume akifilisika au mwana akiugua. Siku hiyo huipeleka kwa sonara, na sonara hupima. Dhahabu hupimwa na kulipwa kwa kadiri ya usafi wake. Jiwe hung'olewa kwanza, likawekwa pembeni juu ya kaunta, na bei yake ikawa ni lile atakalo sonara kusema. Mwanamke aliyekwisha kuyaona hayo mara moja, au aliyehadithiwa na mama yake, hatonunua tena jiwe. Wamoghuli waliweza kuithamini laali kwa kuwa walikuwa na hazina isiyokwenda rehani. Pwani ilikuwa na kasha la msaji chini ya kitanda, na kila kilichomo ndani yake kilikuwa na uwezekano wa kuuzwa. Fauka ya hayo, dhahabu ipendwayo pwani ni ya karati 21 na 22, nayo ni laini. Meno madogo ya kushikia jiwe, yakifanywa kwa dhahabu hiyo, hulegea kwa kufua na kupika, na jiwe likaanguka katika karai. Ndiyo maana masonara wa Ulaya hupachika vito katika dhahabu ya karati 18 au chini ya hapo, ambayo bibi wa Mji Mkongwe huitazama kwa kumeza maneno.

Basi ilikuwa hivyo hata katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, ambamo yakuti na spineli za Mahenge zilianza kujulikana kwa wachuuzi wa vito. Na ikawa hivyo hata mwaka 2007, ambapo katika kijiji cha Ipanko wachimbaji wadogo, wakichimba kwa sululu, nyundo na moko, walikuta fuwele za spineli za ukubwa usiowahi kusikiwa, moja yao ikizidi kilo 50. Sehemu kubwa ya fuwele hizo ilikuwa na ukungu na mipasuko isiyopitisha nuru, lakini ndani yake mlikuwa na mapande safi, na kutoka katika mapande hayo vikakatwa vito vya karati nyingi ambavyo vilipofika katika maonyesho ya vito ya nchi za nje viliwafanya wanunuzi waliozoea spineli za Burma wakae chini na kuuliza Mahenge iko wapi. Bei ikapanda. Mwaka 2016 wauza vito wa Marekani wakaiongeza spineli katika vito vya mwezi wa Agosti, na jiwe lililoishi miaka mingi chini ya jina la mwenzake likapata hatimaye kutafutwa kwa jina lake.

Lakini jiwe lenyewe liliondoka nchini likiwa ghafi. Lilitoka shimoni, likapita kwa dalali, likapita kwa mnunuzi, likaenda Bangkok au kwingineko kukatwa, na faida iliyo kubwa, ambayo ni ya mkono na si ya ardhi, ikabaki huko lilikokatwa. Serikali ya Tanzania ilibadili sheria ya madini mwaka 2017 ikizuia kusafirisha madini ghafi, na kuanzia mwaka 2019 ikafungua masoko ya madini mikoani ili mchimbaji auze mahali penye mizani ya wazi. Na Arusha kipo kituo kinachofundisha vijana, wengi wao wasichana, kukata na kung'arisha vito. Ni mwanzo mwema, ila wanachofundishwa kwa sehemu kubwa ni ule ukataji wa nyuso nyingi ambao Bangkok na Jaipur wameuzoea kwa vizazi, na vijana hao watashindana na miji hiyo kwa shida katika soko lake yenyewe.

Mimi ningependa kuona jambo jingine likijaribiwa. Zipo spineli nyingi za Mahenge zenye rangi njema na ukungu kidogo, zisizofaa kukatwa nyuso na ambazo huuzwa kwa bei ndogo, lakini zikisuguliwa mpaka zilainike kama walivyofanya mafundi wa Kimoghuli hutoa waridi zito, tulivu, lisilohitaji kumeremeta. Sonara wa Unguja anayefanya kazi kwa dhahabu ya karati 22 asiyapachike mawe hayo kwa meno. Ayazungushie ukingo wa dhahabu hiyo hiyo, ambayo ulaini wake, uliokuwa aibu katika meno, ndio unaoufanya ukingo ukubali kulala juu ya jiwe kwa kusukumwa na mkono. Na ili mwanamke asiogope, duka limwandikie katika stakabadhi moja bei mbili zilizo mbalimbali, ya dhahabu kwa gramu na ya jiwe kwa karati, pamoja na ahadi kwamba siku atakayorudi kuuza, jiwe litapimwa kama ilivyopimwa dhahabu. Mafundi wa ukingo wapo Mkunazini, Unguja, na mawe yapo Ulanga. Stakabadhi ya namna hiyo ndiyo ambayo sijaiona bado.